Burton Hakufika Usukuma

Leo nafungua upya kesi ya zamani. Mshitakiwa wake alishazikwa, na walalamikaji ni sisi tuliozaliwa Usukuma, upande huu wa Ziwa Victoria.

Mwingereza mmoja, Richard Burton, alipita nchi hii kabla ya Mjerumani na kabla ya reli. Mwaka 1860 akachapisha kitabu cha safari yake ya kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika. Bwana yule hakuacha kitu: bei za shanga, pombe, magonjwa, vituko vya wapagazi, vyote aliviandika. Akafika kwenye tumbaku, na hapo akajifanya hakimu. Tumbaku ya Usambara akaisifu, kwamba hata Unguja ilithaminiwa, ikifinyangwa vimkate vidogo vya mviringo na kufungwa kwenye majani ya mgomba. Ya Karagwe akasema Waarabu walimwambia kuwa ukiivuta kwenye buruma inanukia miski. Ya Ujiji akaipa sifa ya kadiri. Ya Unyamwezi akaiona laini, haikai, inaharibika upesi. Halafu katika hiyohiyo ya Unyamwezi na jirani zake akatafuta iliyo mbovu kuliko zote, akaikuta. Ya Usukuma.

Sasa, kabla hatujakubali kuvishwa aibu hiyo, tuulize swali ambalo mzee yeyote wa baraza angeuliza: shahidi alikuwepo? Hakuwepo. Mwaka 1858 Burton alikuwa Kaze, hapo jirani na Tabora ya leo, mwili hauna nguvu, amekaa na wafanyabiashara wa Kiarabu anakusanya habari. Aliyekuja huku ni mwenzake, John Speke. Tarehe 3 Agosti mwaka huo Speke alisimama hapa Mwanza akaliangalia ziwa, akafunga mizigo akarudi kumpa mwenzake habari, na ugomvi wao wa chanzo cha Mto Nile ukaanzia hapo. Burton hakufika Usukuma. Tumbaku yetu, kama aliiona, aliiona Kaze, imeshabebwa kichwani siku nyingi kwenye jua.

Sisemi kwamba alidanganya. Anaeleza kuwa ilitwangwa kwenye kinu na kutolewa ikiwa na umbo la kinu chenyewe, pia butu, na maelezo hayo yananikaa sawa. Pengine kweli ilikuwa mbaya. Ninachogombania mimi ni haki ya kuonja. Mtu akitaka kulihukumu jani, alifuate lilipo, aulize lilivyokaushwa, aliwashe, anyamaze kidogo, ndipo aseme.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya kopo moja. Jamaa yangu anayeishi Marekani alikuja likizo, akaniletea kopo la tumbaku ya kiko, mchanganyiko wa majani mawili: Virginia na jani liitwalo periki. Jina la kiwanda sitalitaja, maana hapa redioni hatuuzi tumbaku, na Sheria ya Kudhibiti Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003 ipo. Na nisikuzungushe, msikilizaji. Wavuta kiko hujipa moyo kwamba moshi wao hauingii kifuani, unaishia mdomoni na puani. Saratani ya ulimi, ya mdomo na ya koo haijali hiyo hesabu. Nenda hospitali ya Bugando ukaulize. Asiyevuta asianze kwa sababu ya maneno yangu. Lakini mkoa wa jirani unalima jani hili kwa mamilioni ya kilo, watoto wamesomeshwa nalo, misitu imekwisha kwa ajili yake, na sioni kwa nini tuwe watu wa mwisho kujua lina ladha gani.

Tuanze na Virginia. Usije ukadhani ni kitu cha ughaibuni. Ukipanda basi pale Nyegezi ukaenda Kahama, ukaendelea Tabora, Urambo, Sikonge, ukashuka hadi Mpanda na Chunya, huko kote jani kubwa la kijani unaloliona ni hilo. Wakulima wanaliita tumbaku ya mvuke, ili kulitenga na tumbaku ya moshi ya kule Songea na Namtumbo. Tofauti kubwa iko kwenye bani, yaani nyumba ya kukaushia jani. Katika tumbaku ya moshi unawasha kuni chini ya jani lenyewe, linafuka, linakuwa jeusi na linanuka moto. Katika tumbaku ya mvuke jiko liko nje. Bomba la bati linapita ndani sakafuni, linatoa joto, na moshi unatolewa upande wa pili bila kuligusa jani. Majani yananing'inia kwenye fito. Unaanza na joto dogo, nyuzi 35 hivi, jani linageuka njano polepole na wanga uliomo ndani unageuka sukari. Likishakuwa njano unapandisha joto kidogo kidogo, ubao wa jani unakauka, kisha unapandisha tena hadi nyuzi 70 na kitu ili ule mshipa mnene wa katikati nao ukauke. Karibu wiki nzima. Mkulima analala na moto. Akipitiwa na usingizi moto ukazima, au ukazidi, amekula hasara ya msimu.

Na ajabu ni kwamba jani hili la njano, kwa masimulizi ya Wamarekani wenyewe, lilipatikana kwa sababu mtu alisinzia. Ilikuwa mwaka 1839, wilaya ya Caswell, North Carolina, kwenye shamba la mtu aitwaye Abisha Slade. Mtumwa wake kijana, Stephen, aliachiwa kulinda moto wa bani usiku. Usingizi ukamshika. Alipozinduka moto unakufa, akakimbilia makaa ya mhunzi akayamwaga pale, joto likapanda ghafla, na asubuhi majani yakakutwa ya njano ya kung'aa. Slade akatajirika. Leo ukisoma habari zake utamkuta Slade na jina la baba na la mwana. Stephen ana jina moja tu, na hata hilo si wengi wanalolijua.

Huku kwetu jani hili lilipata nguvu Urambo kwa njia ya kuchekesha kidogo. Waingereza walikuja baada ya vita na mradi wao mkubwa wa karanga, mwaka 1947: Kongwa, Nachingwea na Urambo, palepale palipokuwa makao ya Mtemi Mirambo. Matrekta, fedha, makelele. Karanga zikagoma. Mwaka 1951 mradi ukafungwa, na ile ardhi ya Urambo iliyokwisha kufyekwa ikabidi itafutiwe kazi. Ikapewa tumbaku. Tangu hapo miombo inageuka kuni za mabani, na hilo ni deni ambalo watu wa Tabora wanalijua kuliko mimi.

Sasa tukija kwenye ladha. Kwa sababu ya ile sukari, moshi wa Virginia ni mtamu, una harufu ya majani makavu yaliyopigwa na jua, na ukiwa na bahati unapata kaukali ka ganda la limao. Ila una tabia mbaya: una asidi, unawaka kwa moto mkali, na ukiuvuta kwa pupa unakuchoma ulimi hadi chai ya jioni huioni ladha. Ndipo anapoitwa huyo wa pili.

Periki inatoka sehemu moja ndogo duniani, parokia ya St. James, jimbo la Louisiana, kandokando ya mto Mississippi. Huko wilaya wanaziita parokia. Jani lenyewe linaweza kuoteshwa kwingine, lakini wenyewe wanashikilia kwamba udongo wa pale Grande Pointe haupatikani mahali pengine. Wenyeji wa asili wa nchi ile, Wachoctaw, ndio waliokuwa wakilikandamiza jani likachacha. Habari zinasema mkulima mmoja mwenye asili ya Kifaransa, Pierre Chenet, alijifunza kwao akaanza kuifanya kuwa biashara mwaka 1824, na periki ni jina lake la utani.

Utengenezaji wake ni kinyume kabisa cha bani. Jani linakaushwa kwa hewa, halafu linaloweshwa kidogo, linatolewa mshipa, linasokotwa mafungu, na mafungu yanashindiliwa kwenye pipa la mwaloni lililowahi kukaa wiski. Juu ya pipa inakaa jeki, ile ya kuzungusha, ya kuinulia mizigo. Wanaikaza hadi jani linatoa maji yake lenyewe, na linakaa humo, limezama kwenye jasho lake, hewa haingii. Baada ya muda wanafungua, wanalitoa, wanalipunga hewa, wanalirudisha, wanakaza tena. Wanarudia hivyo angalau mara tatu. Mwaka unakwisha. Linalotoka ni jeusi tii, linanuka siki na matunda yaliyooza vizuri, na ni kali kiasi kwamba si wengi wanaolivuta peke yake. Miaka ya 1990 kazi hii ilikaribia kufa. Wakulima wake walihesabika kwa vidole, kisha makampuni yakarudi kununua, ikafufuka.

Basi nikachukua kopo langu nikapanda mawe ya Mkuyuni hadi kwa mjomba. Huyu mjomba wangu alikuwa mteuzi wa tumbaku Urambo kwa misimu mingi kabla hajastaafu kuja kukaa kwa watoto wake hapa juu, ambapo ukikaa kibarazani unaliona soko lote la Mkuyuni, na daladala za Nyegezi, na ziwa kule nyuma. Kwa wasiojua, mteuzi ni yule anayepita kati ya marobota siku ya soko kwenye chama cha msingi. Anachomoa fungu, analitazama, analigusa, analinusa, anataja daraja, karani anaandika, anahamia robota linalofuata. Mambo anayoyatazama ni: jani limetoka sehemu gani ya mche, la chini, la kati au la juu, rangi yake ni ya limao, ya chungwa au ya kahawia nyekundu, limekomaa au limechumwa kwa haraka, lina madoa au ni safi. Yote hayo ni kufumba na kufumbua. Na kwa kauli hiyo moja, mkulima anajua kama atamaliza nyumba au atabaki na deni la mbolea, maana kila daraja lina bei yake, na bei imepangwa kwa dola.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mpwa. Mkononi nini hicho, ugoro?"

"Ni tumbaku ya kiko. Imetoka Marekani."

"Tumbaku ya Marekani inakuja Mwanza?" Akacheka. "Haya, leta. Na uingie huku nyuma ya jiwe, upepo wa ziwa usitupotezee muda."

Hilo la upepo si la mzaha. Kiko na upepo haviendani. Upepo unachochea moto, moto unapandisha joto, na Virginia ikipata joto ndiyo hiyo inakula ulimi. Tulikaa asubuhi, kabla ziwa halijaanza kupuliza.

Kopo lilipofunguka lilitoa pumzi. Ndani mlikuwa na vipande vyembamba bapa, vimelala kimoja juu ya kingine. Majani yameshindiliwa pamoja hadi yakawa ubao, kisha ubao ukakatwa. Ukikishika kipande kwenye mwanga unaona mistari: njano, chungwa, hudhurungi, na hapa na pale uzi mweusi. Huo mweusi ndio periki. Kopo halisemi imetiwa kiasi gani. Kwa kawaida wachanganyaji huwa wachoyo nayo. Ikifika sehemu moja katika tano wenzao wanasema wamezidisha.

Mimi nilinusa nikapata siki kwanza, halafu zabibu kavu, na chini yake kitu cha mkate. Mjomba alinusa muda mrefu zaidi. "Makuyu," akasema. "Yale yaliyoanguka chini ya mti, nyuki wameshayaingia." Nikashtuka, kwa maana wavutaji wa huko wenyewe, wakiielezea periki, hutaja tini zilizopikwa, na tini na kuyu ni mtu na binamu yake. Hakuna aliyemwambia.

Kisha akafanya kazi yake. Akachambua kipande kile kwa kucha, akatenga uzi wa njano na uzi mweusi, akaunyoosha ule wa njano kwa vidole viwili, ukavutika kidogo kabla haujakatika. "Hili ni jani la katikati ya mche," akasema. "Limekomaa. Bani lake halikuwa na haraka." Ule mweusi akaukunja, ukabaki umekunjika. "Hili siwezi kukwambia lilikuwa nani. Limeteswa mno."

Nikamuuliza angelipa daraja gani.

"Daraja!" Mzee akakaa vizuri. "Mpwa, kwetu robota likikutwa limechanganywa, jani la juu na la chini, zuri na bovu, tunalirudisha. Mkulima anatukanwa. Hawa wamechanganya la njano na jeusi na la sijui nini, wakaliwekea kopo zuri, wakaliita ufundi."

Nilicheka, lakini alikuwa anasema jambo la maana. Kazi ya mteuzi ni kutenga na kazi ya mchanganyaji ni kuunganisha. Sisi tumebaki na ile ya kwanza tu.

Tukajaza viko. Changu cha mti, chake cha udongo chenye mrija wa kijiti, ambacho kwa kuonja kina faida: udongo hauongezi ladha yake kwenye moshi, ingawa unapata moto hadi unahamisha vidole. Tumbaku tuliifikicha tukaiacha ipigwe hewa kwanza, maana ilikuwa na unyevu, nami nawalaumu waliopakia. Tumbaku mbichi kwenye kiko inatoa mvuke tu, unadhani unavuta chai. Ukiibana kati ya vidole ikaachia taratibu bila kunata, iko tayari. Kujaza nako kuna kanuni: chini iwe legelege, juu ibane, na ukivuta bila moto upate upinzani mdogo tu. Moto wa kwanza unaifanya tumbaku ijikunje na kupanda juu. Unaishindilia kwa kidole au kijiti, unawasha mara ya pili, ndipo unaanza kuhesabu.

Theluthi ya kwanza ilikuwa ya Virginia peke yake. Utamu, majani makavu, lile limao likaja likaenda. Periki niliingojea ulimini haikuja. Ilikuja nilipotoa moshi puani: mwasho wa pilipili manga, juu kabisa, nyuma ya macho, halafu ukatulia ukaacha harufu ya tunda. Hapo nikaelewa kwa nini watu wanaitafuta. Kwenye mdomo haipigi kelele, lakini ule utamu wa Virginia ambao peke yake unachosha ukawa umesimama wima, na ulimi wangu, ambao kwa kawaida ungeshaanza kulalamika, ulikuwa mzima.

"Umeona," mjomba akasema, "hiyo nyeusi ni magadi ya ugoro. Huionji, ila ukiitoa, ugoro ni vumbi."

Sina maelezo bora kuliko hayo. Na kwa wanaojua kemia ya jikoni, magadi huvunja asidi, na wavutaji wa kiko husema periki hufanya vivyo hivyo kwa moshi mkali wa Virginia.

Katikati ya kiko ndipo palipokuwa na starehe yenyewe. Vitu viwili viliacha kuwa viwili. Ukaja mkate, zikaja zabibu, pilipili ikashuka kutoka puani ikakaa kooni kwa upole, na moshi ukawa mzito kiasi cha kutafunwa. Hapo hatukuongea. Kule chini mwanamke alikuwa anatangaza dagaa, na muziki wa daladala ukapanda hadi kwetu ukapita.

Theluthi ya mwisho sikuipenda, na nasema wazi. Unyevu na nguvu vyote vinajikusanya chini ya kiko. Utamu ulikata, ukabaki uchungu, na nikotini ikaanza kudai chake. Nilipata kwikwi na jasho jembamba kwenye paji la uso. Mjomba akaita mjukuu alete chai yenye sukari nyingi, ambayo ndiyo dawa. Yeye alikuwa ameshagonga kiko chake kwenye jiwe zamani. Mvutaji mzoefu haoni aibu kumwaga kilichobaki. Jivu la Virginia nzuri linakuwa jeupe kuelekea kijivu, na lile lilikuwa jeupe. Hapo kopo lilipata alama zake zote.

Hukumu yangu, basi, kwa kuwa mimi angalau nimefika: jani ni zuri, ukataji ni mzuri, upakiaji wa unyevu ni uzembe, na mchanganyaji ametia periki kwa mkono wa mtu anayejua kuacha. Ni tumbaku ya baada ya chakula, haifai tumbo tupu. Mjomba alilipa daraja la pili. La kwanza alisema hawezi kumpa mtu ambaye hakumwonyesha robota.

Baadaye, chai inapoa, mjomba akageuza kopo akaomba nimsomee maandishi. Nikamsomea. Periki imetajwa na kwao, St. James, Louisiana. Virginia imetajwa Virginia, basi. Haina kijiji, haina nchi. Wachanganyaji wa tumbaku ya kiko hununua jani la njano kutoka Marekani, Brazil, Zimbabwe, Malawi, na kwetu pia. Ndani ya lile kopo pangeweza kuwa na jani la Urambo lililopita mikononi mwa mtu kama yeye, na pangeweza kusiwe nalo.

"Kwa hiyo wale wachache wa mapipa wana jina," akasema, "na sisi tuliojaza treni hatuna."

Hapo ndipo ninapotaka mnisikilize. Reli ilifika Mwanza kutoka Tabora mwaka 1928. Kwa umri wa mtu mzima kabisa jani limesafirishwa katika nchi hii kwa mabehewa na malori, na mpaka leo jina la Urambo, au Kaliua, au Chunya, halimwambii mvutaji wa nje kitu chochote. Parokia moja yenye mashamba machache inajulikana na kila mvuta kiko duniani. Udongo wao si uchawi. Walichokifanya ni kulishikilia jani mwaka mzima baada ya mavuno badala ya kuliuza siku linapokauka, na kukaa nalo mpaka wakajua kulisemea. Babu zetu waliotwanga jani kwenye kinu na kulifinyanga pia walikuwa wameanza safari hiyohiyo, maana jani lililotwangwa na kubanwa likiwa na maji halikosi kuchacha kidogo. Kama waliifikisha mahali pazuri au pabaya, tuna ushahidi wa mtu mmoja, na nimeshaeleza alikuwa amekaa wapi.

Nilimuuliza mjomba, katika misimu yote ile, kama aliwahi kuwasha jani moja sokoni ili ajue.

"Kuwasha? Ningefukuzwa. Lile lilikuwa dola, mpwa."

Sasa linganisha na kahawa. Kahawa ya Karagwe, ya Tarime, ya Kilimanjaro, huwa inakaangwa, inapikwa, na watu waliofundishwa wanakaa mezani na vijiko wanainywa na kuitema kabla mnadani hakujatajwa bei. Ladha ni sehemu ya daraja. Ndiyo maana mnunuzi wa Ujerumani au Japani anaweza kutaja Kilimanjaro akajua anachokitaja. Tumbaku inapewa daraja kwa macho, vidole na pua, na moto unawashwa maelfu ya kilomita kutoka hapa. Hata vimkate vya Usambara, ambavyo Unguja ilivijua kwa jina, vimekufa vikiwa na sifa zao.

Wapo watakaoniambia kwamba tumbaku yenyewe ni zao la kuachwa, kwamba niende nikahubiri alizeti. Nawaheshimu, na pengine wajukuu wa mjomba watalima alizeti. Lakini msimu huu mabani yanawaka. Robota linaondoka kwenye chama cha msingi likiwa na namba ya mkulima juu yake. Linafika kiwandani Morogoro, linachanwa, linatolewa vikonyo, na majani ya watu wengi wa daraja moja yanamwagwa pamoja, ya huyu wa Urambo na ya yule wa Kahama, yanafungwa kwenye maboksi. Ningekuwa na sauti kwenye Bodi ya Tumbaku, ningeomba kitu kidogo tu kabla ya hapo: meza moja, kiko kimoja cha udongo, na mtu mwenye pua ya mjomba wangu wa kuandika alichokionja kando ya ile namba.